Sahani ya Mpishi

Watu wanaosifiwa kwa kujinyima huwa hawaulizwi wanakula nini. Huyu aliulizwa, na jibu lake lilimchekesha nesi mpaka akavua miwani na kufuta machozi. Lakini tusikimbilie huko, maana kabla ya kicheko hicho kulikuwa na miaka kumi na miwili ya ukoko.

Alikuwa mpishi wa kantini katika kiwanda cha magodoro. Wafanyakazi walimwita Upawa kwa sababu ya upawa wake wa chuma, ambao haukuwahi kuzidi wala kupungua: upawa mmoja wa maharage, sogea, mwingine. Ungekuja na cheo, ungekuja na machozi, ungekuja na habari kwamba leo ni siku yako ya kuzaliwa, ulipata upawa mmoja. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili ofisini, na siku karani alipomwita kwa jina hilo, mwenyewe aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Jiko lake lilikuwa chumba cha matofali nyuma ya ukumbi wa kukatia sponji. Ndani mlikuwa na majiko matatu ya kuni, meza ya bati, na dirisha moja la kugawia chakula. Vumbi la sponji liliingia hata mlango ukifungwa, kwa hiyo kila sufuria ilikuwa na kifuniko na kila kifuniko kilikuwa na jiwe juu yake. Saa sita na nusu kengele ililia, na watu arobaini na saba, wanaume wa kukata sponji na wanawake wa kushona mifuko ya magodoro, walipanga mstari na sahani zao, vumbi limewajaa kwenye nyusi.

Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake mdogo. Mama mdogo alimwachia masufuria, upawa na sheria moja: mpishi anayekula kabla ya watu ni mwizi. Upawa aliishika sheria hiyo kuliko wengine wanavyoshika dini. Alikula wa mwisho, na kwa kuwa watu arobaini na saba wana njaa ya watu sitini, kilichobaki mwisho kilikuwa ukoko wa wali, mchuzi uliogandia kwenye kuta za sufuria, na chai. Chai yenyewe ilikuwa ya rangi, nzito, yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Alikunywa vikombe vitano kwa siku na kujiona amekula. Watu walisema jiko la Upawa unaweza kuliacha wazi na nyama juu ya meza, na yeye akisikia hivyo alitembea kwa maringo kidogo.

Kisha akapata mimba ya pili.

Mwanamke akipata mimba, kila mtu anapata udaktari. Mama mkwe wake, ambaye alikaa nao nyumba moja, alitangaza kwamba sasa ni kula kwa watu wawili, na kila jioni alimpakulia mlima wa wali ambao ungemtisha hata mbeba mizigo. Jirani wa upande wa pili alisema kinyume, kwamba ale nusu ili mtoto awe mdogo na apite bila fujo. Upawa hakumsikiliza yeyote. Jioni alikuwa ameshiba moshi na chai, harufu ya chakula ikimchefua, hivyo mlima wa mama mkwe uliishia kwa mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba. Kufikia mwezi wa tano mume alikuwa na tumbo kubwa kuliko la mkewe. Majirani wakauliza kwa heshima kabisa ni nani kati yao anayetarajia.

Kitu pekee alichokitamani ni mchele mbichi. Alipokaa kuuchagua asubuhi, vidole vikitoa mawe, mdomo nao ulitafuna. Alijiambia anaupima ubora.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Upawa mwenyewe alilisema kwa utani tu. Mtoto wake wa kwanza, binti, alizaliwa salama, lakini mama alivuja damu mpaka mashuka yakabadilishwa mara mbili. Alisikia baridi inaanzia vidoleni na kupanda. Alimsikia mtu akiuliza kwa sauti ya chini kama kuna damu ya kundi lake, na mwingine akijibu umebaki mfuko mmoja. Mfuko huo ndio uliomrudisha. Baadaye alisimulia kantini kwamba alitiwa damu ya mtu mwingine, ndiyo maana ana hasira ambazo si zake, na watu wakacheka. Lakini akiwa peke yake anaosha masufuria aliikumbuka ile baridi, na aliogopa. Aliogopa kufa na kumwacha binti wa miaka minne akilelewa kwa milima ya wali.

Ndiyo maana alikwenda kliniki bila kusukumwa. Nesi wa kliniki alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Alimchoma kidole, akatia tone la damu kwenye kimashine cha kupimia wingi wa damu, akasubiri.

"Nane," alisema.

"Nane si mbaya. Mimi shuleni nilikuwa napata tano."

"Shuleni hukuwa na mtoto tumboni. Tunataka kumi na moja." Nesi aliifungua kadi yake ya zamani na kusoma taratibu. "Uliwahi kuvuja damu."

"Kidogo."

"Hapa haijaandikwa kidogo. Sikiliza mama, nikwambie bila kuzunguka. Aliyevuja mara ya kwanza anaweza kuvuja tena. Utazalia hospitali kubwa, hilo tumemaliza. Lakini ukiingia kule na hiyo nane yako, ukaanza kuvuja, huna damu ya kupoteza. Umenielewa?"

Upawa alielewa. Utani ulimkimbia, akabaki anatazama kidole chake kilichochomwa.

Nesi alimpa vidonge vya kuongeza damu, akamuuliza anakula nini. Swali hilo lilimuudhi mpishi wa watu. "Mimi? Mimi ni mpishi, dada. Chakula ndicho kazi yangu." Nesi, ambaye alikuwa amesikia majibu ya kila namna katika maisha yake, hakubishana naye. Alimwambia aandike kwenye daftari kila chakula kwa siku tatu, asubuhi hadi usiku, bila kuficha wala kutia chumvi, kisha arudi.

Upawa aliifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko mwanafunzi wa mtihani. Alitafuta kalamu isiyoruka, akapiga mistari kwa kutumia ubao wa kukatia nyama. Aliporudi kliniki alimkabidhi nesi daftari akiwa ameinua kidevu. Nesi akasoma kwa sauti.

"Jumatatu. Mchele kilo kumi na nane. Maharage kilo tisa, yalilowekwa tangu jana. Mchicha mafungu ishirini." Akafunua ukurasa. "Jumanne. Nyama ya ng'ombe kilo saba. Viazi ndoo mbili. Karoti. Jumatano. Mayai arobaini na saba, kabichi kubwa tisa." Akamtazama juu ya miwani. "Mama, hii mimba ni ya tembo?"

Hapo ndipo kicheko kilipomshika nesi mpaka akavua miwani. Upawa alicheka naye kwa adabu, bila kujua wanacheka nini. Alikuwa ameulizwa chakula, na kwa miaka kumi na miwili chakula maana yake ilikuwa kile kinachoingia kwenye sufuria. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kingine.

"Vizuri," alisema nesi alipopata pumzi. "Sasa katika hizi kilo zote, niambie kilichopita hapa." Akagusa koo lake mwenyewe.

Upawa alifungua mdomo. Alianza na Jumatatu. Alionja chumvi ya maharage kwenye kiganja, mara mbili. Alikunywa chai. Alionja mchicha. Chai. Ukoko. Chai. Jumanne ilikuwa ya nyama, na nyama aliigusa kwa uma kuona kama imeiva, lakini kuila, hapana, ilikwisha kwa mtu wa arobaini na sita, na wa arobaini na saba ilibidi apewe mchuzi. Jumatano mayai yalihesabika kwa vichwa vya watu, na yeye hakujihesabu. Alipofika hapo alilivuta daftari lake na kulifunga. Aliona haya, haya ya kweli, yeye aliyekuwa akiwasema wake za watu wanaopakua sahani zisizo na mboga wala nyama.

"Kinyozi hajinyoi," alisema nesi, safari hii bila kucheka. "Na mchele mbichi unatafuna?"

"Nani kakwambia?"

"Damu yako. Mwenye damu kidogo hutamani vitu vya ajabu. Wengine udongo, wengine mkaa. Wewe una bahati, wako ni mchele."

Kisha akampa maelekezo, na Upawa, ambaye hupenda vipimo, aliyashika yote. Kula kwa watu wawili ni uongo. Huyo wa pili bado anaenea kwenye kiganja cha mtu. Kinachotakiwa ni milo yake mitatu kamili na kidogo cha ziada, kama bakuli moja, lakini kiwe cha maana: maharage, mboga za majani, yai, samaki au nyama ikipatikana. Kidonge akimeze kwa maji, siyo chai, na ale chungwa. Chai isikae karibu na chakula wala kidonge, maana inaizuia ile nguvu ya damu isiingie mwilini. Anywe saa nzima au mbili baadaye, na kikombe kiwe kimoja.

"Kimoja?" Hapo ndipo Upawa alipokaribia kulia.

"Kimoja. Na ukishajifungua usidhani umemaliza. Anayenyonyesha anahitaji chakula kingi kuliko mwenye mimba. Watu wengi hawajui, wanamshangilia mama akiwa na tumbo, likishatoka wanamsahau na mtoto anamnyonya mpaka mifupa."

Vidonge vilikuwa na vituko vyake. Vilimfungia choo siku tatu, na kilipofunguka kilitoka cheusi kama masizi ya sufuria. Alitoka chooni mbio kumwambia mumewe anakufa. Mume, fundi wa rangi, aliuliza ni nyeusi ya kung'aa au ya kufifia. Akapigwa na ndala. Nesi alisema ni kawaida, anywe maji zaidi na ale matunda, na amwache mumewe nje ya mambo hayo.

Shida kubwa ilikuwa sahani. Ili ale chakula cha maana ilibidi ale kabla ya kufungua dirisha, maana baada ya dirisha hakukuwa na kitu. Yaani ale kabla ya watu. Siku ya kwanza alijipakulia maharage na mchicha saa tano na nusu, akajificha nyuma ya magunia ya mchele, akala amesimama, macho mlangoni. Hakuwahi kuiba maishani mwake, na sasa alijua wezi wanavyopata kiungulia. Siku ya pili alikula akiwa amechuchumaa. Siku ya tatu ilikuwa ya nyama, na hapo ndipo alipoonekana.

Aliyemwona alikuwa msimamizi wa zamu. Huyu walimwita Bwana Nyongeza, kwa kuwa kila siku alifika dirishani na neno moja, "niongezee kidogo", na kila siku alinyimwa, na kila siku alirudia. Alikuwa mtu mwenye mashavu ya kutosha, baba wa mtoto mchanga, na pua iliyojua saa ya nyama kuliko kengele. Alichungulia dirishani mapema, akamkuta Upawa na kipande mdomoni. Hakusema kitu. Watu wa namna hiyo hawasemi pale pale. Saa sita na nusu mstari mzima ulikuwa unajua.

"Leo nyama imepungua," alisema mmoja.

"Imekwenda wapi, jamani?" alisema mwingine, akitazama dari.

Upawa aligawa bila kuinua macho, yeye ambaye kwa kawaida angewapasha mpaka wapoteze hamu ya kula. Jina lake zuri la miaka kumi na miwili lilikuwa limeanguka kwa kipande kimoja cha nyama. Kesho yake hakujipakulia, wala kesho kutwa. Alirudi kwenye ukoko. Vikombe vya chai vikawa vitatu, kisha vinne. Kidonge alimeza, akakisindikiza na chai.

Mwezi ulipokwisha nesi alimchoma kidole tena. Kimashine kilisema nane nukta mbili.

"Vidonge ulimeza?"

"Vyote."

"Chakula?"

Upawa alimweleza yote, kuhusu magunia, Bwana Nyongeza na mstari uliotazama dari. Aliongea kwa kirefu, akitegemea kuonewa huruma, maana kisa kilikuwa kizuri na yeye alikuwa ameonewa. Nesi alisikiliza mpaka mwisho huku akisafisha miwani kwa pindo la koti lake jeupe.

"Basi wakati wa uzazi utawaambia wakuongezee hiyo aibu," alisema. "Labda ni ya kundi lako."

Upawa alitembea kurudi kazini akiwa na hasira, na njia nzima alitafuta mtu wa kumkasirikia. Kwanza nesi, kwa ulimi wake. Halafu Bwana Nyongeza. Halafu mama mdogo. Hapo akakumbuka ghafla kwamba mama mdogo alimaliza miaka yake ya kazi akiwa anashika ukuta kila anaposimama, na watu wakasema ni uzee, kumbe alikuwa na miaka arobaini na minne. Hilo lilimsimamisha barabarani. Alikaa juu ya ukingo wa mfereji mpaka baridi ya vidole ilipomtoka, kisha akainuka.

Kesho yake ilikuwa siku ya maharage na mayai. Kengele ililia, mstari ukajipanga, dirisha likafunguliwa. Lakini nyuma ya dirisha hapakuwa na upawa hewani. Palikuwa na mpishi ameketi kwenye kiti, sahani imejaa mbele yake, anatafuna.

"Nakula," alisema. "Dakika kumi."

Watu arobaini na saba walisimama wakimtazama mwanamke mjamzito anakula maharage. Hakuharakisha. Alikula mchicha, akavunja yai kwa kijiko, akamenya chungwa na kutoa mbegu moja moja. Kuna aliyekohoa. Kuna mshonaji mmoja aliyeanza kucheka chini chini, akaambukiza wenzake. Bwana Nyongeza, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari kama kawaida, hakuona cha kuchekesha.

"Sasa hii ni nini? Sisi ndio tunaofanya kazi hapa. Wanawake wa siku hizi mimba kidogo tu, dunia isimame. Mimi mke wangu ananyonyesha nyumbani, na sijawahi kumsikia akilalamika."

Upawa alimeza kwanza. "Shemeji, mkeo leo amekula nini?"

"Mke wangu?"

"Huyo huyo. Asubuhi amekula nini?"

Bwana Nyongeza alifungua mdomo kwa haraka ya mtu anayejua jibu. Mstari wote ukatega sikio.

"Chai," alisema. "Nadhani chai."

"Na nini?"

"Na... si kuna mkate? Sijui. Mimi huwa natoka mapema."

"Na jana jioni?"

"Jana nilirudi nikakuta wamelala. Chakula changu kilikuwa mezani."

"Chako," alisema mshonaji aliyekuwa anacheka, na hakucheka tena.

Bwana Nyongeza alijaribu kujitetea, na kama wengi wanaojitetea, akajichimbia zaidi. Alisema maziwa ya mkewe ni mepesi, ndiyo maana mtoto analia, na tayari wamepanga kuanza kumpa uji. Mtoto wa miezi miwili. Wanawake wa kushona waligeuka wote kwa pamoja kumtazama.

"Nisikilize, shemeji, maana haya nimeambiwa na aliyesomea," alisema Upawa, na sauti yake haikuwa ya kupasha tena. "Maziwa ya mama hayana mepesi. Mama asipokula vizuri, mtoto anayachukua hivyo hivyo, anayatoa kwenye mwili wa mama. Anayekwisha ni yeye. Sasa wewe kila siku unakuja hapa unaniomba nyongeza. Huyo anayelisha mtu kutoka mwilini mwake, usiku na mchana, nani anamwongezea?"

Bwana Nyongeza alitazama sahani yake tupu, mashavu yake yote mawili yamekuwa mazito. Wapo watakaosema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alilala naye kitanda kimoja. Mimi nadhani aliona aibu kweli, na ninamsifu kwa hilo, ingawa ilikuwa imechelewa.

"Una kifuniko, nimpelekee?" aliuliza hatimaye.

Upawa aliinuka, akachota. Upawa mmoja wa maharage, yai, mboga. Kisha akafanya kitu ambacho kiwanda kizima kilikizungumzia mpaka mwisho wa mwaka: akachota upawa wa pili.

"Huu ni wake. Na wa kwanza ni wake pia. Wewe leo utakula ukoko, nimekuachia. Ukidokoa njiani nitajua."

Nyumba ya Bwana Nyongeza ilikuwa nyuma ya ukuta wa kiwanda. Walimwona akitoka getini kwa mwendo wa haraka, sahani ameishika kwa mikono miwili, na mlinzi akabaki anauliza anakimbia nini. Aliporudi alikula ukoko wake. Kuanzia siku hiyo wanawake wa kushona walisogeza kiti cha mpishi karibu na dirisha kila saa sita na nusu, na aliyelalamika juu ya dakika kumi aliwakuta wao kwanza. Meneja alipouliza kwa nini chakula kinachelewa, aliambiwa aje aulize mwenyewe dirishani. Hakuja.

Nyumbani mama mkwe alipunguziwa mlima ukawa kilima, akaongezewa kazi ya kununua machungwa. Alilalamika kwamba wakati wake walizaa bila machungwa. Upawa alimjibu kwa unyenyekevu kwamba ni kweli, mama, na ndiyo maana wenzenu wengi hawapo kusimulia. Mama mkwe alifikiria jibu hilo siku mbili nzima, akaendelea kununua machungwa.

Damu ilipanda polepole. Tisa. Tisa na nusu. Hamu ya mchele mbichi ilikatika bila kuaga. Wiki ya thelathini na sita nesi alitazama kimashine, akakigeuza upande, akakitazama tena, halafu akamgeuzia Upawa asome mwenyewe: kumi na moja nukta moja. Wanawake hao wawili walishikana mikono juu ya meza ya kliniki na hakuna aliyetania.

Mtoto alikuja mchana, kule hospitali kubwa, wa kiume, kilo tatu na robo, akilia kwa hasira ambayo bila shaka ilikuwa ya kwake mwenyewe. Na baada yake, damu. Upawa aliisikia ikitoka na akajua. Alimwona mkunga akibadilisha shuka, akamwona mwingine akija na sindano, mikono ikimkandamiza tumbo, mtu akihesabu. Alisubiri ile baridi ianze vidoleni. Alitazama vidole vyake. Alisubiri, na vidole vikabaki vya moto, na mwishowe mkunga aliinua kichwa akasema imekata.

"Umevuja karibu sawa na mara ya kwanza," alisema akiandika kwenye kadi. "Ila safari hii ulikuja nayo ya kutosha. Hatutakuongezea ya mtu."

Upawa hakulia alipokuwa anaogopa. Alilia hapo, kwa sauti, bila haya, mtoto akiwa kifuani anatafuta ziwa kwa kichwa chote. Alipolipata alivuta kwa nguvu mpaka mama yake akashtuka. Ndipo Upawa alipogeuka kwa mama mkwe, aliyekuwa ameingia na bakuli kubwa lenye kifuniko, na kumwambia jambo ambalo watu wa nyumba ile hawakuwahi kulisikia kutoka kwake.

"Mama, nina njaa."

Bakuli lilikuwa na wali, maharage, mboga na vipande vitano vya nyama. Alikula kwa mkono mmoja, mwingine umemshika mtoto. Mama mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda akitazama. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi kwa wasiwasi, na pia alikuwa binadamu. Kwenye kipande cha tatu alinyoosha mkono taratibu kuelekea bakulini, akijua, kama walivyojua watu wote wa nyumba ile, kwamba mkwe wake hajawahi kula kitu mwenzake akiwa anatazama.

Upawa alilivuta bakuli upande wa pili.

"Samahani, mama," alisema, mdomo umejaa. "Utakula nikimaliza."